Kabla ya Rangi

Fundi Lusato alitaja laki mbili na nusu, na soda,
akauzunguka mara moja
kama anayekagua ng'ombe asiyemtaka.
Nikamwambia asante.
Nikaenda Makoroboi nikanunua msasa namba sitini, mita mbili,
brashi ya waya, patasi,
na kitambaa cha kufunga pua, ambacho nilikisahau dukani.

Mtumbwi umelala kifudifudi hapa Igombe
juu ya magogo manne na tairi la trekta,
mkuku juu, tumbo juani.

Kwanza ukoga. Ukoga hautaki nguvu,
unataka maji na asubuhi,
unabanduka kama utando wa maziwa.
Halafu njano.

Njano ni ya Bwire, aliyeniuzia.
Njano ya juzijuzi, imepakwa haraka
na mtu aliyekuwa anasubiri mteja.
Mteja ni mimi.
Inatoka kwa mapande, kama ganda la yai lililoiva vizuri;
ndipo nikajua haikuwahi kushika.

Chini ya njano, kijani.
Kijani hiki mgongo wangu unakifahamu:
ni cha mabenchi ya zahanati.
Kuna galoni mwaka ule haikufika zahanati.
Simtaji mtu. Marehemu hasemwi.

Chini ya kijani, buluu.
Buluu haitoki. Buluu inataka uiombe.
Mkono wa kulia ukichoka nahamia wa kushoto,
na wa kushoto hauna akili, unakwangua mpaka nyama ya mbao.
Miaka kumi na minne ya kuanika dagaa
nilidhani viganja vimeshamaliza kuota sugu.
Kumbe kuna sehemu zilibaki.

Karibu na mkuku patasi ikalia sauti nyingine.
Si ko. Ni teng.
Debe la mafuta ya kupikia
limekatwa, limegongomelewa,
limepakwa njano, likaitwa ubavu.
Nikaling'oa kwa koleo.
Kidole gumba kikazama mpaka kiungo cha kwanza,
mbao laini kama muhogo wa kuvundika.

"Hauvuji," Bwire aliniambia mwezi wa tatu.
"Hauvuji hata chozi."

Saa nane akaja mwenyewe, mikono nyuma.
"Mama Nyamizi, mbona unauvua nguo hadharani?"
Nikamwonyesha bati. Sikusema.
Akaliangalia kama picha ya mtu wanayefanana.
"Toa themanini kwenye deni."
"Laki."
"Laki," akasema, haraka mno,
nikajua ningetaja zaidi.

Lakini hakuondoka.
Macho yalikuwa kwenye buluu, upande wa omo,
ambako herufi nne nyeupe zilikuwa zinachungulia,
za mkono usiozoea brashi:
LIMI.

Mwalo mzima unajua Limi alipanda kivuko cha Kamanga
na mabegi mawili.
Moja nilimshikia mimi.

"Hapo paache," akasema Bwire.
Nikamwambia kilichoandikwa nyuma ya kopo:
rangi mpya haishiki juu ya rangi iliyolegea.
"Imelegea?"
"Gusa."
Akagusa. Kona ya L ikabaki kwenye ncha ya kidole chake.

Akanyoosha mkono. Nikampa msasa.
Alianza na I ya mwisho, akirudi nyuma,
taratibu, kama mwalimu anayefuta ubao
wakati mwanafunzi mmoja bado ananakili.
Nikahamia ubavu wa pili.
Tulikuwa hatuonani. Nilimsikia tu:
kwaru, kwaru,
kimya,
kwaru.

Jioni hauna rangi kabisa, mtumbwi,
umepauka kama magoti ya mtoto.
Kesho ubao mpya na kalafati, keshokutwa putii,
kisha kungoja ukauke, kama mvua ya Ukerewe itaniachia siku tatu.
Watoto wakauliza jina lake.
Nikasema bado, kwanza ananyolewa.
Bwire alishaondoka, kasahau kofia juu ya tezi.

Nikainama ziwani kunawa.
Nikapenga kamasi:
njano kidogo, kijani kidogo,
na buluu,
buluu tele.